Gari la Kifahari na Waya wa Kuchaji

Leo tuangalie gari linalotumia petroli na umeme pamoja. Wengi hudhani ni uvumbuzi wa juzi. La hasha! Mwaka 1900 Ferdinand Porsche, akifanya kazi kwa Lohner huko Vienna, aliunda Semper Vivus: injini za petroli zilizalisha umeme, na mota za umeme zikazungusha magurudumu.

Mwaka 2014 kampuni yenye jina lake ilitoa Cayenne S E-Hybrid, gari kubwa la kifahari linalochajiwa kwa waya. Kwa vipimo rasmi, betri yake ya kWh 10.8 ilitosha kilomita 18 hadi 36 tu.

Mimi ni mwandishi wa programu, na jambo hili nalijua: mfumo hufaulu majaribio, kisha mtumiaji hufanya yake. Mwaka 2024 Tume ya Ulaya ilichapisha takwimu zilizosomwa kutoka kwa magari yenyewe. Yale yanayochajiwa lakini yana injini pia yalitoa hewa ya kaboni, kwa wastani, mara 3.5 ya vipimo vya maabara. Kwa nini? Wenyewe hawakuyachaji vya kutosha.

Basi ukilinunua, lichaji kila jioni. Usipolichaji, betri hiyo ni mzigo tu, na petroli yako ndiyo inayoubeba.