Kutoka bildi hadi skrini: Jinsi mvuvi alivyojifunza kuona chini ya maji

Usiku mmoja wa mwaka 1826, mashua mbili zilitulia katika Ziwa Geneva, mbali kabisa moja na nyingine. Ya kwanza ilikuwa na kengele iliyozamishwa majini. Ilipogongwa, papo hapo baruti ikawashwa juu ya mashua ili mwako wake uonekane. Kwenye mashua ya pili, zaidi ya kilomita 13 kutoka hapo, mwanafizikia Jean-Daniel Colladon alikuwa ametega sikio kwenye pembe ndefu iliyotumbukizwa ziwani, saa ikiwa mkononi. Aliona mwako, akahesabu sekunde, kisha akaisikia kengele. Yeye na mwenzake, mwanahisabati Charles Sturm, wakapata jibu: sauti ilikwenda mita 1,435 kwa sekunde ndani ya maji yale, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani.

Kila kitafuta samaki kinachofungwa leo kwenye boti, iwe Japani, Marekani au Mwanza, kinategemea hesabu ya aina hiyo. Ukijua mwendo wa sauti majini, na ukapima muda inaotumia kwenda chini na kurudi, umejua kina. Lakini kabla hesabu ile haijamletea mvuvi samaki, ilibakia kazi nyingine nzito kama ile ya kuunda mashine: kumfundisha mvuvi kuisoma. Historia ya vifaa hivi ni historia ya somo hilo.

Enzi ya bildi

Kwa karne nyingi kina kilipimwa kwa bildi, kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba yenye alama za pima. Mabaharia wa Ulaya walipaka mafuta mazito chini ya risasi ili ikigusa chini inase mchanga, tope au vipande vya kombe. Nahodha mzoefu alikiangalia kilichonaswa akatambua yuko wapi.

Upungufu wa bildi ni kwamba hupima mahali pamoja kwa wakati mmoja, na vilindi huishinda. Mwaka 1869 David Livingstone, akisafiri kwa mtumbwi katika Ziwa Tanganyika, alishusha kamba mkabala na mlima Kabogo. Ilishuka pima 326, karibu mita 600, na ilipovutwa ikakatika. Leo tunajua kwamba kilindi kikubwa kabisa cha ziwa hilo kinafika mita 1,470.

Sauti yachukua nafasi ya kamba

Kuzama kwa meli ya Titanic mwezi Aprili 1912 kuliwasukuma wavumbuzi kutafuta njia ya kutambua vizuizi majini. Huko Kiel, Ujerumani, Alexander Behm alipata hataza ya kipima kina kwa mwangwi mwaka 1913. Mwaka uliofuata Reginald Fessenden, mzaliwa wa Kanada, akapokea mwangwi wa siwa barafu katika Atlantiki ya Kaskazini, na katika majaribio hayohayo akapokea pia mwangwi wa sakafu ya bahari. Vita Kuu ya Kwanza ikaharakisha kazi. Mfaransa Paul Langevin alitumia fuwele za kwatzi kutuma mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu, akiwinda nyambizi.

Samaki walikuja baadaye. Mwaka 1929 mtafiti Mjapani Kimura alionyesha kwamba samaki waliomo bwawani wanaweza kugunduliwa kwa sauti. Mwaka 1935 Oscar Sund wa Norway akachapisha michoro ya mwangwi iliyoonyesha makundi ya chewa wa Lofoten yakiwa yametanda katika tabaka moja la maji.

Mapovu ya Nagasaki

Hatua iliyokipeleka kifaa hiki mikononi mwa wavuvi ilipigwa Kuchinotsu, mji mdogo wa bandari katika mkoa wa Nagasaki. Kijana Kiyotaka Furuno alikuwa fundi wa umeme wa meli. Alisikia kwa mvuvi mkongwe kwamba palipo na samaki wengi mapovu hupanda juu, na anayeyajua mapovu anajua kuna samaki gani na kiasi gani. Furuno akawaza: kama kuna mapovu, sauti itagonga na kurudi. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha mwaka 1945 na vifaa vya jeshi la majini vilikuwa vimezagaa. Yeye na mdogo wake wakachukua kipima kina cha kijeshi, wakakifungua na kukiunda upya.

Mvuvi yule mkongwe alikuwa karibu sana na ukweli. Sehemu kubwa ya mwangwi wa samaki hutoka kwenye kibofu chake cha hewa, kiungo kilekile ambacho katika Ziwa Victoria huitwa bondo, na ambacho wafanyabiashara wa sangara hukigombania kwa bei kubwa. Hewa iliyomo ndani ya bondo ndiyo huirudisha sauti.

Mwaka 1948 ndugu hao walianza kuuza kitafuta samaki chao, lakini wavuvi walikataa. Mashine ilionyesha alama nyingi, na hakuna aliyejua ipi ni samaki na ipi ni mwamba. Ndipo mdogo wake Furuno akaenda Iwaseura, katika visiwa vya Goto, akapanda kwenye boti mwenyewe na kukaa na wavuvi usiku na mchana. Boti aliyopewa ilikuwa ya mwisho kwa mavuno. Baada ya muda mfupi ikawa inaongoza, na waliokataa wakaanza kuagiza. Mashine ilikuwa ileile waliyoikataa. Kilichoongezeka ni mtu aliyejifunza kuisoma, akiwa kando ya watu wanaoyajua maji.

Kutoka baharini hadi maziwani

Huko Marekani, Carl Lowrance na wanawe walikuwa wakipiga mbizi katika maziwa ya bara miaka ya 1950 ili wajionee samaki wanakaa wapi. Waligundua kwamba samaki hawatawanyiki ovyo. Hukusanyika katika sehemu chache, na sehemu kubwa ya ziwa hubaki tupu. Kwa kutumia transista, iliyokuwa teknolojia changa wakati huo, mwishoni mwa muongo huo wakaunda kisanduku kidogo cha kubebeka chenye taa inayozunguka kwenye duara la namba za kina. Taa ilimulika panapoishia maji, na ikamulika hafifu palipo na samaki.

Wakati huohuo mvuvi wa North Carolina, Buck Perry, alikuwa akizunguka nchini humo kufundisha kwamba anayetaka samaki aanze kulijua umbo la sakafu ya ziwa: miteremko, matuta na mikondo ya mito ya zamani. Maziwa mengi ya huko yametengenezwa kwa mabwawa, kwa hiyo wavuvi walitafuta ramani za ardhi zilizochorwa kabla ya bonde kujazwa maji. Mto wa zamani, barabara na madaraja yaliyofunikwa, vyote vikawa alama za kutafutia samaki.

Skrini zilipokuja, somo likawa gumu zaidi. Mgeni huiangalia skrini akidhani anaona picha ya mbele ya boti. Kumbe sehemu iliyo kulia ndiyo ya sasa hivi, na kushoto kwake ni yaliyokwisha kupita. Huona alama ya upinde akadhani ndilo umbo la samaki. Kumbe samaki anapoingia pembezoni mwa mwale wa sauti yuko mbali na boti, akifika katikati yuko karibu, akitoka yuko mbali tena, na mashine huchora umbali huo. Mstari mpana na mzito chini ya skrini ni dalili ya mwamba au changarawe. Mwembamba na hafifu ni tope. Mawimbi ya kilohezi 200 huonyesha vitu vidogo kwa usahihi, na ya kilohezi 50 hufika vilindini zaidi.

Setilaiti na ramani za kidijitali

Kujua kilichopo chini hakusaidii kama huwezi kurudi mahali palepale kesho. Setilaiti ya kwanza ya mfumo wa GPS ilirushwa mwaka 1978, lakini kwa miaka mingi Marekani ilipunguza makusudi usahihi wa huduma hiyo kwa raia. Mwezi Mei 2000 kizuizi hicho kiliondolewa, na kosa lililofikia takriban mita 100 likashuka hadi mita kumi na kitu. Kwa mvuvi anayetafuta jiwe moja lililozama, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Ramani za elektroniki zilikuwa zimekwisha kuzaliwa. Kampuni ya Navionics ilianza Italia mwaka 1984 kwa ramani za bahari, kisha maziwa yakafuata. Katika muongo wa 2010 wavuvi wa kawaida walianza kurekodi vipimo vya vifaa vyao, wakavituma kwenye intaneti, na kampuni zikavigeuza kuwa ramani. Mwaka 2018 kampuni ya Garmin ikatoa LiveScope, kifaa kinachomwonyesha mvuvi samaki akiogelea wakati huohuo. Uwezo huo umezua mjadala mkali: mashindano makubwa ya uvuvi wa samaki aina ya besi nchini Marekani yameanza kuweka mipaka ya matumizi yake.

Maziwa yetu yanasemaje?

Maziwa yetu yalipimwa mapema. Mwanzoni mwa karne ya 20 Kamanda Whitehouse wa Jeshi la Majini la Uingereza alilipima Ziwa Victoria ili meli zisafiri salama. Msafara wa Wabelgiji wa 1946 na 1947 ulizaa ramani ya kina ya Ziwa Tanganyika, iliyochapishwa na André Capart mwaka 1949. Tangu 1999 meli za utafiti za Tanzania, Kenya na Uganda zimekuwa zikitumia sauti kukadiria wingi wa sangara na dagaa katika Ziwa Victoria, kazi inayoratibiwa na shirika la uvuvi la ziwa hilo lenye makao yake Jinja. Vipimo hivyo, vikiunganishwa na vya zamani, vimetoa ramani za kidijitali za sakafu ya ziwa.

Lakini ramani peke yake hazitoshi kumfundisha mvuvi wa hapa. Ziwa Victoria halizidi sana mita 80 kwa kina, na sauti huenda chini na kurudi kwa takriban sehemu ya kumi ya sekunde. Hata hivyo, kati ya Septemba na Aprili maji yake hujipanga kwa matabaka, na ya chini hupungukiwa oksijeni. Anayefuata kilindi kwa kuwa skrini inaonyesha kilindi atarudi mwaloni mikono mitupu. Tanganyika ndiyo zaidi: chini ya mita 100 hadi 200 hakuna oksijeni, hivyo samaki wote wako juu ya hapo. Maarifa haya hayamo kwenye kitabu cha maelekezo cha kifaa chochote. Yamo kwa watafiti wetu, na kwa wazee wanaojua upepo gani huwasogeza dagaa na mwezi gani huwatawanya.

Kwa hiyo kazi iliyobaki ni ya kwetu. Vyuo vya uvuvi, kuanzia Nyegezi na Kigoma, viwafundishe wavuvi kusoma mwangwi na ramani kwa Kiswahili, ndani ya boti, pamoja na wazee wa mialo. Ramani zilizotokana na utafiti wa umma ziwekwe kwenye simu za wavuvi, zikiwa na alama wazi za mazalia yasiyoguswa. Skrini inayomwonyesha mvuvi samaki mzazi bila kumfundisha kumwacha itaharakisha kulimaliza ziwa. Tufundishe yote mawili kwa pamoja, na tuanze sasa, kabla vifaa havijajaa mialoni bila somo.