Karpi wa Februari: Asili ya Mashindano ya Kuvua Wakati wa Baridi

Mhariri wetu ameniandikia mara mbili akinitaka nitoe makala ya historia kwa ajili ya gazeti hili la kukutana kwetu. Kwa kuwa wenzangu wengi wamekwisha kueleza habari za siasa na za ualimu, mimi nitaeleza habari za samaki. Msicheke. Wale tuliolala bweni moja mnakumbuka baridi ya Julai pale mlimani, na bila shaka mnakumbuka jinsi tulivyofukuzwa na mlinzi wa mto kwa kuvua trauti kwa pini iliyopindwa na panzi mmoja. Trauti wale walikuwa samaki wa leseni, nasi leseni hatukuwa nayo. Waliingizwa nchini mwaka 1905, Ewart Grogan alipowatia katika mto Gura, ili walowezi wapate mchezo waliouzoea kwao. Basi nilikua nikiamini kwamba kuvua kwa ufito na mshipi ni jambo la mabwana, na kwamba mtu wa kazi huvua ili ale.

Imani hiyo iliniponyoka huko Sheffield, Uingereza, nilikokwenda kusomea habari za metali. Mji ule ulikuwa mji wa chuma na visu, na nilikuta kwamba wavuvi wake wa Jumapili walikuwa mafundi wa tanuri, wachimba makaa na wanoaji, watu wenye mikono kama magome ya mti. Nilistaajabu, nikaanza kuulizauliza, na haya ndiyo niliyoyapata.

Karpi si samaki wa asili wa Uingereza. Kwao ni upande wa mto Danube na nchi zilizo mashariki yake. Katika Ulaya alifugwa sana na watawa kwenye mabwawa yao, kwani siku za kufunga nyama ilikatazwa lakini samaki aliruhusiwa, na karpi anavumilia maji machafu na safari ndefu kuliko samaki wengi. Kitabu cha uvuvi kilichopigwa chapa Uingereza mwaka 1496 chamtaja kuwa samaki aliye adimu nchini humo. Mfalme Henry wa Nane alipozivunja nyumba za watawa kati ya 1536 na 1540, mabwawa yao yaliangukia mikononi mwa wenye mashamba. Kwa hiyo tangu mwanzo karpi alikuwa samaki wa ndani ya ua la mtu. Maskini hakumgusa, ila kwa wizi.

Mtu wa kiwandani alikujaje basi kumfikia? Kwa reli na kwa chama. Katika karne ya 19 wafanyakazi wa miji kama Sheffield walianza kupata nusu ya Jumamosi, na treni ziliweza kuwafikisha kwenye mito ya mbali alfajiri na kuwarudisha jioni. Wakaunda vyama kwenye vilabu vyao vya pombe, wakachanga, wakakodi maji, na mchango ukazaa zawadi, na zawadi ikazaa mashindano. Nguvu yao ilifika hata Bungeni: sheria ya 1878, iliyoweka msimu wa kutovua samaki hawa wa kawaida toka 15 Machi hadi 15 Juni, ililetwa na A. J. Mundella, na huyu alikuwa mbunge wa Sheffield. Chama cha taifa cha wavuvi wa mshipi kiliundwa mwaka 1903, na mashindano ya kwanza ya taifa yakafanyika 1906 katika mto Thames. Angalia hapa jambo moja. Kwa kuwa majira ya machipuko yalifungwa, na likizo za kiangazi ni fupi, mtu wa chama aliyependa kushindana hakuwa na budi kushindana baridini. (Mabwawa mengi yaliondolewa katika katazo hilo mwaka 1995, mito ingali imo.)

Lakini karpi mwenyewe hakuwa samaki wa baridi. Wakubwa wa uvuvi walisema kwamba majira hayo hulala topeni na hali kitu. Hata Richard Walker, ambaye tarehe 13 Septemba 1952 alimtoa karpi wa ratili 44 katika bwawa la Redmire huko Herefordshire, alimtoa mwishoni mwa kiangazi. Samaki yule alipelekwa kwenye bustani ya wanyama ya London, akaishi huko hadi 1971. Naona alitazamwa na watu wengi kuliko wabunge kadhaa. Ni miaka ya 1970 ndipo wavuvi wenye ukaidi walipothibitisha kwamba karpi hula hata wakati wa theluji, ila kidogo mno. Damu yake hufuata joto la maji. Maji yakipoa tumbo nalo hupoa, na chakula cha saa moja humtosha siku kadhaa.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumapili ya Februari 1986, mwezi ambao Waingereza wanaukumbuka kwa upepo wa mashariki usiokoma. Chama nilichoingizwa kilikuwa cha watu wa kiwanda kimoja cha chuma. Mgomo mkubwa wa 1980 ulikuwa umepita, na baada yake tanuri nyingi za mji zilizimwa moja baada ya nyingine. Chama kilichokuwa na watu zaidi ya 80 kilibaki na 30 hivi, na kodi ya bwawa ilipaswa kulipwa kwa mkulima kabla ya mwisho wa Machi. Jirani yangu, mzee aliyenifundisha kufunga ndoana, alikuwa amekaa bila kazi kwa mwaka wa tatu. Asubuhi ile tulifika watu 19. Kila mmoja alitia pauni moja kofiani, tukapiga kura ya vigingi.

Mimi nilipata kigingi kilicho karibu na ukuta wa bwawa. Mzee alipata upande wa matete, kwenye maji ya kufika gotini. Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Mzee, tubadilishane." Akanitazama kama niliyemtukana. "Kura ni kura, kijana," akasema, akabeba sanduku lake akaenda.

Ilitubidi kuvunja barafu kwa chuma kizito kilichofungwa kamba, kukirusha na kukivuta, hata kila mtu akapata tundu la kuteremshia mshipi. Hapo ndipo nilipomkumbuka mwalimu wetu wa fizikia, yule mfupi, na chaki yake. Alituambia kwamba maji huwa mazito kupita yote yakiwa na nyuzi 4 za sentigredi, na yakipoa zaidi hupanda juu. Ndiyo sababu ziwa huganda toka juu na samaki huishi chini. Tuliandika, tukafaulu mtihani, tukasahau. Nilishusha chubwi polepole nikatafuta kina kirefu kuliko vyote, nikakipata hatua chache toka ukutani, nikatega hapo hapo. Chambo kilikuwa funza wawili. Nilitupa wengine sita tu kuwavuta samaki, kama mzee alivyonifunza, maana baridini ukimwaga chambo umemshibisha samaki kabla hajakiona chako.

Saa nne zikapita. Sitaeleza saa hizo. Vidole havikuwa vyangu. Wenzangu wawili walifunga virago wakaenda zao.

Saa ya tano boya halikuzama. Liliinama tu upande, kama mtu anayesinzia kanisani. Niliinua ufito, na uzito ukasogea, bila haraka, kuelekea chini ya barafu. Hofu yangu ilikuwa ukingo wa barafu, kwani ni mkali na mshipi wa baridini ni mwembamba. Nilichovya ncha ya ufito majini ili mshipi upite chini ya ukingo huo, nikamrudisha shubiri kwa shubiri. Alipoingia kwenye wavu alikuwa wa ratili 5 kasoro kidogo, baridi kama bati. Watu watatu tu walipata samaki siku ile. Mzee alipata visamaki viwili visivyofika nusu ratili, toka kwenye maji ya gotini, na hadi leo sijui alivipataje. Mizani ilipopitishwa, karpi alirudishwa majini, kama ilivyo desturi yao, nami nikakabidhiwa pauni 19.

Nilimfuata mzee nikataka kumpa nusu. Alikasirika kweli, na hasira yake sikuizoea. Hatimaye akasema kwamba ikiwa fedha inaniwasha mfukoni, kodi ya bwawa inajulikana ni kiasi gani. Nikampa mweka hazina zote. Kodi ililipwa mwaka ule, na mwaka uliofuata pia, kwani mzee aliniandikia nikiwa nimekwisha kurudi nyumbani. Baada ya hapo barua zilikatika.

Karpi naye alinifuata huku. Mwaka 2001 alionekana katika ziwa Naivasha. Yaaminiwa alitoroka mabwawa ya kufugia akateremka na mto Malewa. Hata kufikia 2010 yeye ndiye aliyekuwa sehemu kubwa ya uzito wa samaki waliovuliwa ziwani humo. Siku moja nilimnunua mmoja pale kandokando ya barabara, wa ratili 5 hivi, nikampeleka nyumbani akakaangwa. Ana miiba mingi, lakini analika. Mke wangu, anayekijua kisa hiki, aliniuliza kama huyu ndiye yule niliyekaa barafuni saa tano nikamrudisha majini.

Nikamwambia ndiye. Akaondoka kwenda kuleta ugali.