Soko Halitoshi: Hadithi Nyepesi na Mwanafunzi wa Kiswahili Buteba

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi, miaka miwili baada ya mtaala mpya wa sekondari kukifanya somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Buteba, katika wilaya ya Busia, uamuzi huo haukukuta uwanja mtupu. Wateso wa huko wana ndugu zao Kenya, na Kiswahili cha biashara hakilali kati ya miji ya mpakani ya Busia na Malaba. Ndipo inapozuka hoja kwamba mtoto wa mpakani hana haja ya vitabu vya hadithi, kwani soko litamfundisha.

Soko hufundisha bei, salamu na ujasiri wa kufungua kinywa. Kusimulia halifundishi. Tazama sentensi hii niliyoitunga: "Kikapu kilianguka mtoni, kikachukuliwa na maji, kikanaswa na mizizi." Kiambishi -li- kinafungua tukio, -ka- kinalisukuma mbele, na ki- hakibanduki tangu mwanzo hadi mwisho. Msomaji anayetaka kujua kikapu kiliishia wapi hana budi kukutana na ki- hicho tena na tena, bila zoezi lolote la ngeli. Sokoni kikapu hichohicho ni "ile kikapu", na biashara inakwisha salama. Msamia, jirani wa Mteso ambaye lugha yake ni ya Kibantu, huletewa ngeli zenye sura anayoijua kwao. Mteso, ambaye lugha yake ni ya Kinailoti, hana pa kuuegemeza upatanisho huo wa Kibantu. Yeye ndiye anayehitaji kuuona mara nyingi zaidi.

Ushahidi haukuanza leo. Mwaka 1983 watafiti Elley na Mangubhai walichapisha matokeo ya jaribio lao katika shule za vijijini Fiji: madarasa yaliyopewa vitabu 250 vya hadithi za Kiingereza yaliyapita kwa mbali yale yaliyoendelea na masomo ya kawaida. Watafiti wengine, Hu na Nation, mwaka 2000, walikadiria kwamba ili msomaji aelewe bila msaada, anapaswa kuyajua maneno 98 katika kila 100. Kwa kipimo hicho, riwaya zinazosifiwa darasani ni ukuta kwa anayeanza.

Tatizo ni kwamba hadithi nyingi nyepesi za Kiswahili zimeandikwa kwa watoto wadogo. African Storybook imeweka mtandaoni, bila malipo, hadithi za viwango mbalimbali kwa lugha nyingi za Afrika, na ni hazina kweli; lakini kijana wa miaka 14 hataki sungura kila wiki. Mpe dereva wa lori aliyekwama Malaba, magendo ya usiku, binti anayemficha babake matokeo ya mtihani.

Wapo wanaohofia kwamba wepesi huu utakiharibu Kiswahili. Utakiharibu iwapo mwandishi atapunguza sarufi. Kinachopaswa kupunguzwa ni msamiati: maneno machache, yanayorudiwa, ndani ya upatanisho kamili. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kuandika kwa madaha, na walimu wa mpakani, wanaoyajua makosa ya wanafunzi wao kwa majina, wanaiweza kuliko mchapishaji wa Nairobi au Kampala. Waachiwe nusu saa kwa wiki ya kusoma tu, bila maswali ya ufahamu mwishoni, maana kijana akishajua kuwa kila hadithi ina mtihani mkiani, ataanza kutafuta majibu na kumsahau dereva.