Sarafu Tatu Zenye Shimo

Ukimwambia kijana wa Nairobi achague mada yoyote ya historia anayoipenda, jambo la kwanza atakalofanya ni kukudanganya. Atakuambia anataka kuandika juu ya Mau Mau, au Mekatilili wa Menza, au ujenzi wa reli. Si kwamba hazipendi mada hizo. Ni kwamba amejifunza tangu akiwa mdogo kuwa shuleni swali la "unapenda nini?" maana yake ni "unadhani mwalimu anapenda nini?" Kwa hivyo mimi huacha hizo karatasi za kwanza zilale wiki moja, halafu nauliza tena tukiwa nje, chini ya mti, bila karatasi wala kalamu. Hapo ndipo ukweli hutoka.

Nafundisha historia katika shule ya upili, na Jumamosi nasimamia kikundi kidogo cha wanafunzi wa Kidato cha Pili na cha Tatu. Kila mmoja anachagua kitu kimoja kinachomkosesha usingizi, anakitafiti kwa mihula miwili, anaandika kurasa kama kumi, kisha anasimama mbele ya watu kujibu maswali. Hakuna alama. Hakuna manila. Hilo la manila nalisisitiza kwa sababu tangu CBC ianze kutekelezwa, neno "projekti" limewachosha watu. Mzazi anasikia projekti anawaza gundi, mkasi, na yeye mwenyewe saa tano usiku akimalizia kazi huku mtoto amelala, kesho asubuhi akimbie saiba kuprinti picha za rangi. Ikiwa mzazi ndiye aliyefanya, basi ni mzazi aliyesoma.

Mwaka huo tulikuwa na binti mmoja aliyechagua kanga. Alitaka kujua ni lini maandishi yake yaliacha herufi za Kiarabu yakaanza kuandikwa kwa herufi tunazotumia sasa. Mwingine aliishi karibu na soko la Kariokor na hakuwa amewahi kujiuliza jina lile limetoka wapi. Alipogundua kuwa ni Carrier Corps, wale wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliokufa kwa maelfu wakibeba mizigo ya jeshi la Waingereza, na kwamba Kariakoo ya Dar es Salaam ina asili hiyo hiyo, alikaa kimya siku nzima. Kuna aliyeanza na Gor Mahia akaacha njiani, mechi zikamshinda nguvu. Lakini nataka niongee juu ya kijana wa nganya.

Huyu alikuwa wa kuchukua matatu kwa kuchagua. Alikuwa tayari kuacha mathree tatu zipite, achelewe, apate adhabu, ili tu apande ile yenye muziki na grafiti anayotaka. Daftari lake la hesabu lilijaa michoro ya magari. Aliponiambia mada yake ni "Historia ya Matatu", nilimwambia hiyo ni mada ya mtu mwenye miaka kumi ya kuitafiti. Akaipunguza: "Matatu ya kwanza Kenya ilikuwa ya nani?" Hilo nalo nikalikataa. Maswali ya "wa kwanza" yana ubaya wake. Kitu kilichoanza kinyume cha sheria hakina cheti cha kuzaliwa, na kila familia itakuambia ni babu yao.

"Lakini guka alikuwa dere wa hizo za kitambo," akasema. "Hata alifungwa na mkoloni."

Nikamuuliza alianza lini kuendesha. Hakujua. Alifungwa lini? Hakujua, ila kila mtu nyumbani anajua kwamba alifungwa. Nikamwambia basi hilo ndilo swali lako: guka wako alianza lini kubeba abiria, na kwa nini alishikwa? Alivunjika moyo kidogo. Lilionekana dogo mno kwa mtu aliyetaka kuandika historia ya nganya.

Sasa, mzee wa miaka themanini na kitu ukimuuliza "ilikuwa mwaka gani?" unapoteza wakati wenu nyote wawili. Atakutajia mwaka wowote ili uridhike. Wanahistoria wetu waliligundua hili zamani. Bethwell Ogot alipozunguka kukusanya masimulizi ya Waluo, hakutafuta tarehe, alihesabu vizazi. Godfrey Muriuki, katika historia yake ya Wakikuyu iliyotoka 1974, alitumia majina ya marika, kwa sababu rika hubeba jina la lililotokea wakati vijana wake walipotahiriwa. Ndiyo maana mtu akikuambia baba yake alikuwa wa Anake a Forty, amekwisha kukupa mwaka, 1940, bila kujua. Kwa hiyo nilimfundisha kijana aulize vitu badala ya miaka. Ulilipwa kwa pesa gani? Gari lilikuwa la aina gani? Nani alikuwa rais? Ulikuwa wapi uliposikia Mboya ameuawa?

Alirudi wiki mbili baadaye na rekodi ya dakika arobaini kwenye simu, nusu yake ikiwa kelele za kuku. Tuliisikiliza pamoja, nikimwomba atafsiri pale Kikuyu changu kilipokwama.

Cha kwanza kilikuwa pesa. Mzee alisema nauli ilikuwa mang'otore matatu, yaani sarafu tatu za senti kumi kumi, jumla senti thelathini. Hapo ndipo wengi husema jina la matatu lilitoka, na Kiswahili kilikuwa na "tatu" yake tayari kulipokea. Lakini mzee aliongeza kitu ambacho kijana alikipita bila kukiona: alisema makanga alikuwa akizipitisha zile sarafu kwenye uzi kama shanga. Nikasimamisha rekodi. Uzi unapita wapi? Kijana alinitazama kama nimechanganyikiwa. Katika maisha yake hajawahi kuona sarafu ya Kenya yenye shimo, kwa sababu haipo. Zenye shimo zilikuwa za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, za wakati wa ukoloni. Pesa za Kenya yenyewe zilianza kutolewa mwaka 1966, na zile za zamani ziliendelea kushikwa mikononi kwa muda kabla ya kuondolewa. Kwa hiyo uzi ule ulitupa ukuta wa upande mmoja: mwanzo wa kazi ya mzee haukuwa miaka ya sabini.

Familia ilifurahi. Si unaona? Pesa ya mkoloni, jela ya mkoloni.

Cha pili kilikuwa gari. Peugeot 404, la mtu mwingine, mzee akiendesha na kumpelekea mwenyewe hesabu jioni. Alisema mwenye gari alijidai nalo kwa sababu aina ile ilikuwa imeshinda Safari. Hapo kijana hakuhitaji msaada wangu, magari ni dini yake. Alirudi Jumamosi iliyofuata anameta: 404 ilizinduliwa mwaka 1960, na ilishinda Safari Rally kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Kisha akanyamaza, akafanya hesabu nyingine mwenyewe, bila mimi kusema neno. Hali ya Hatari iliisha Januari 1960. Uhuru ulikuja Desemba 1963.

"Mwalimu," akasema, "hapa kuna shida."

Cha tatu kilikuwa Mboya. Tom Mboya aliuawa tarehe 5 Julai 1969, pale barabara iliyoitwa Government Road na sasa ni Moi Avenue. Mzee aliikumbuka siku ile vizuri sana: alikuwa ameshatoka jela kitambo, na alikuwa na gari lingine. Basi alishikwa kati ya 1963 na 1969. Ndani ya miaka hiyo, ukoloni ulibakiwa na miezi michache tu. Ungeweza kuilazimisha hiyo miezi ikiwa umeazimia, na nilimwona kijana akiiangalia kwa matumaini. Lakini rekodi ilikuwa na maneno mengine, karibu na mwisho, baada ya kuku. Mzee alisimulia kwamba karao aliyemshika alikuwa kijana wa kwao, akamwuliza: sasa serikali ni yetu, mbona unavunja sheria yetu?

Huwezi kusema hivyo kabla ya uhuru.

Kosa lilikuwa kubeba abiria kwa malipo bila leseni. Ili kulielewa, kijana alilazimika kusoma habari ambayo mwanzoni aliiona kavu kama makaratasi ya bima. Kampuni ya Kenya Bus Service ilianza kazi Nairobi mwaka 1934, na ndiyo iliyopewa haki ya pekee ya kubeba abiria mjini. Mwaka 1966 baraza la jiji likachukua asilimia 25 ya hisa. Wakati huo huo vizuizi vya kikoloni vya nani aingie Nairobi na nani asiingie vilikuwa vimeondoka, watu wakamiminika mjini, wakajenga na kupanga vyumba mahali ambapo basi halikufika. Pengo hilo ndilo lililojazwa na akina guka. Kwa maoni yangu, na nilimwambia ni maoni, mtu anayetoa haki ya pekee na pia ana hisa ndani yake hana haraka ya kumpa leseni mshindani. Kisha mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta akatangaza kwamba matatu ziruhusiwe kubeba abiria bila leseni zile, na kazi ile ile iliyomfunga mzee ikawa halali. Sheria ya kuzitambua na kuzidai leseni na ukaguzi ilikuja baadaye, 1984. Kanuni za Michuki, zile za mstari wa njano, mikanda na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, zikaanza Februari 2004.

Lakini nyumbani hakuna aliyekuwa anasubiri habari za hisa. Cucu alipofariki miaka michache nyuma, wasifu uliochapishwa na kugawiwa kanisani ulisema ameacha mume aliyefungwa akipigania uhuru. Ukachapwa nakala mia tatu. Mama ya kijana aliposikia utafiti umefika wapi, alinipigia simu. Hakupiga kelele. Alisema tu: "Mwalimu, sisi hatukuwaomba mtuchunguze." Nilikubaliana naye kwamba hilo ni kweli.

Hapa ndipo kazi ya kusimamia utafiti wa mtu mchanga inapokuwa ngumu, na hakuna mtaala uliokuandaa. Akichagua mada ya kitabu, akigundua uongo, aliyekufa hawezi kuumia. Akichagua kitu anachokipenda, kitu hicho kina ndugu. Sikumwambia aandike, wala sikumwambia aache. Nilimwambia arudi kwa mwenye maisha, aende peke yake, simu aiache nyumbani, amweleze guka kila alichopata na jinsi alivyokipata, halafu amwulize afanye nini.

Alikwenda wakati wa likizo ya Agosti. Anasema mzee alisikiliza habari ya uzi, ya 404, ya Mboya, akatikisa kichwa kwa kila moja kama mtu anayekaguliwa na fundi anayejua kazi. Kisha akacheka.

"Mimi sikusema mkoloni," akasema. "Nilisema nilifungwa. Wao ndio waliongeza."

Akampa ruhusa, na masharti mawili. La kwanza, iandikwe wazi kwamba faini za kwanza mbili alizilipa mwenyewe kabla ya kushindwa na ya tatu. Inaonekana kwa miaka yote hiyo kilichomuuma ni hilo: kwamba hakuna aliyejua alilipa. La pili, jina la mwenye gari lisitajwe kabisa.

Siku ya kusoma kazi zetu mama alikuja, akakaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Mzee hakuweza kusafiri. Kijana alisoma kwa haraka mno mwanzoni, kama makanga anayetaja vituo, kisha akatulia. Alipomaliza, mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza akanyosha mkono na kuuliza bila aibu: "Kwa hivyo guka yako alikuwa mhalifu?"

"Mpaka 1973," akajibu.

Watu wakacheka, na mama naye akacheka, ingawa yeye alichelewa kidogo. Mlangoni aliniomba nakala, akauliza kama inaweza kuprintiwa kwa herufi kubwa, macho ya mzee si mazuri. Ya wasifu wa cucu hatukuyagusa.

Kwenye ukurasa wa sita wa kazi ile, kila mahali ambapo jina lilipaswa kuwa, kijana ameandika "mwenye gari". Ameniambia anataka mwaka ujao aendelee, amjue huyo mwenye gari alikuwa nani, kwa nini mzee anamficha mpaka leo. Amejaribu kuuliza mara mbili. Mara zote mbili guka alianza kumsimulia juu ya Safari ya 1963, matope ya mwaka ule na magari machache yaliyofika mwisho.