Kutua Ndiko Kugumu: Ndege za Kivita za Nakala na Mafundi Wake

Mnamo Januari 2003, katika uwanja wa Paine Field ulioko Everett, jimbo la Washington nchini Marekani, ndege ya kivita yenye umbo la mwaka 1944 ilikuwa ikitua baada ya safari ya pili tu tangu iundwe. Ilikuwa nakala ya Messerschmitt Me 262, jeti ya Kijerumani ya Vita vya Pili vya Dunia. Mguu mmoja wa magurudumu makuu ukakunjika. Rubani, Wolfgang Czaia, alinusurika. Ndege yenyewe, iliyokuwa imewagharimu mafundi takriban miaka kumi ya kazi, ikarudishwa karakanani.

Historia ya usafiri wa anga hupenda kusimulia kupaa: nani alitangulia kuruka, nani alifika juu zaidi, nani aliwaangusha maadui wangapi. Kutua huachiwa mafundi na makampuni ya bima. Naona huo ni upungufu mkubwa, hasa tunapozungumzia nakala za ndege za zamani. Nakala iliyotundikwa kwenye dari la makumbusho hutuonyesha umbo. Inayoruka na kutua, hata ikivunjika, hutuonyesha ndege ile ilimdai nini rubani wake. Na inapokarabatiwa, ujuzi uliokuwa umelala kwenye michoro huhamia tena mikononi mwa watu.

Tuanze na Fokker Dr.I, ile ya mabawa matatu ambayo Manfred von Richthofen aliuawa akiirusha tarehe 21 Aprili 1918. Ziliundwa 320 hivi, na leo haijabaki hata moja kamili. Iliyokuwa imehifadhiwa Berlin iliteketea katika Vita vya Pili vya Dunia. Kwa hiyo kila Dr.I tunayoiona angani siku hizi ni nakala. Zipo zilizojengwa kwa ajili ya sinema, kama zile za filamu ya The Blue Max ya mwaka 1966, na zipo zilizojengwa kwa mapenzi tu ya watu kama Cole Palen, Mmarekani aliyeanzisha uwanja wa Old Rhinebeck katika jimbo la New York na kuwarushia watazamaji ndege za enzi hizo hadi alipofariki mwaka 1993.

Ukiitazama Dr.I kwa chini, utaona vipande vya mbao vilivyopinda kwenye ncha za bawa la chini. Waundaji wake waliviweka kwa sababu walijua kwamba ndege hii, katika kutua, itaelemea upande mmoja na kukwangua bawa. Chanzo ni mpangilio wa magurudumu. Mawili yako mbele. Nyuma kuna kijiti cha kuburuzika badala ya gurudumu, na kitovu cha uzito wa ndege kiko nyuma ya magurudumu yale mawili. Mkokoteni unaovutwa humfuata mvutaji, lakini ukisukumwa kinyumenyume mteremkoni, mzigo hutaka kutangulia na mkokoteni hugeuka. Ndivyo ilivyo kwa ndege hizi. Pua ikihama kidogo kulia au kushoto, uzito ulio nyuma huzidisha upotofu badala ya kuurekebisha, na kufumba na kufumbua mkia umekuja mbele. Bawa hugusa chini, mguu huvunjika, pangaboi hupasuka.

Dr.I ilikuwa na shida za ziada. Mabawa yake matatu, pua ikiwa imeinuliwa kwa kutua, huuziba upepo usifike vizuri mkiani, hivyo usukani wa nyuma hulegea wakati uleule rubani anapouhitaji kuliko wakati mwingine wowote. Breki hazikuwepo. Injini ya asili ilikuwa ya aina ambayo silinda zenyewe huzunguka pamoja na pangaboi, zikirusha mafuta ya mbarika kuelekea kwa rubani, na wakati wa kutua alipunguza nguvu kwa kubonyeza kitufe kilichokata cheche, kisha kukiachia.

Viwanja vya enzi hiyo vilikuwa uwanda wa majani, na rubani aliweza kuelekea upepo unakotoka, popote pale. Mwenye nakala leo mara nyingi hulazimika kutua kwenye ukanda wa lami wenye pande mbili tu, upepo ukimpiga ubavuni. Ndiyo maana nakala nyingi zimewekewa gurudumu la mkia, breki, na injini ya baadaye ambayo silinda zake zimetulia. Wapo wanaolalamika kwamba huko ni kuichezea historia. Siwaungi mkono. Ukiipeleka ndege ya 1917 kwenye lami bila breki, unaipa mtihani ambao walioiunda hawakuwahi kuupangia, kisha unailaumu kwa kufeli.

Udhaifu wa mbao, kitambaa na gundi ulijidhihirisha mapema katika pwani yetu wenyewe. Mwaka 1915 Waingereza walipokuwa wakiiandama manowari ya Kijerumani ya Königsberg katika delta ya Rufiji, miongoni mwa ndege za mwanzo walizoleta zilikuwa Sopwith za kutua majini. Joto na unyevu viliziharibu, na injini zake hazikuweza kuzipandisha vya kutosha. Baadaye zililetwa kisiwani Mafia ndege za kutua nchi kavu, ikiwemo Henri Farman yenye kiunzi cha chuma. Tarehe 11 Julai Farman hiyo, Cull akiwa rubani na Arnold akielekeza kutoka angani mizinga ya meli za Severn na Mersey, ilipigwa na kulazimika kushuka mtoni, ikapinduka. Wote wawili waliokolewa, na siku hiyohiyo Königsberg ikafikia mwisho wake. Ilikuwa ndege ya upelelezi, lakini nimeitaja kwa sababu mafundi wa Mafia walipambana na mambo yaleyale yanayowakabili wanaotunza nakala leo: ubao unaovimba, kiungio kinachoachia, kitambaa kinacholegea.

Sasa tuingie karakanani. Baada ya ajali ya kutua, fundi mzuri haanzii palipovunjika. Bawa linaweza kuonekana limechanika kitambaa tu, kumbe mhimili wa mbao ulio ndani yake una ufa mwembamba mbali na palipoguswa, kwa kuwa nguvu ya pigo husafiri hadi ikute kiungio dhaifu. Kitambaa hubanduliwa. Fundi humulika, hugonga na kusikiliza, hupima kama kiunzi bado kimenyooka. Mhimili uliovunjika hauungwi kwa misumari. Kipande cha zamani na kipya hukatwa kwa mshazari mrefu, urefu wake ukiwa mara kumi au kumi na mbili ya unene wa ubao, kisha hulazwa kimoja juu ya kingine na kugundishwa, ili gundi ipate eneo kubwa la kushika. Mafundi wa Vita vya Kwanza walitumia gundi iliyotokana na maziwa. Wa leo hutumia za kemikali zisizodhurika upesi kwa maji. Kitani kilichoshonwa kwenye mbavu za bawa na kupakwa dawa ya kukikaza bado kinatumiwa na wanaofuatilia uhalisi, ingawa wengi wamehamia kitambaa cha poliesta kinachokazwa kwa joto la pasi.

Chini kabisa kuna mhimili wa magurudumu, uliofungwa kwa kamba za mpira zinazomeza kishindo cha kutua, na magurudumu ya spoku yanayobeba vizuri uzito wa juu kwenda chini lakini hukunjika yakisukumwa ubavuni. Na kama pangaboi liligonga ardhi injini ikiwa inafanya kazi, injini nzima hufunguliwa, hata ikiwaka bila tatizo, kwa hofu kwamba krenki imepinda au imepata ufa. Fundi kijana anaweza kuizunguka ndege nzima kwa mwaka mmoja asijifunze hata nusu ya haya.

Katika Vita vya Pili vya Dunia mambo yalibadilika bila kuwa mepesi. Messerschmitt Bf 109, iliyoundwa kwa zaidi ya 33,000, ilifungiwa miguu kwenye kiwiliwili chake na si kwenye mabawa, ili mabawa yaweze kung'olewa ndege ikiwa imesimama kwa magurudumu yake. Kwa kiwanda na kwa usafirishaji lilikuwa wazo zuri. Kwa rubani lilimaanisha magurudumu yaliyokaribiana, yenye kutazama nje, na ajali nyingi ardhini. Hispania ilipoendelea kuziunda baada ya vita kwa injini ya Merlin ya Waingereza, miguu ile ilirithiwa. Ndizo zilizoonekana katika filamu ya Battle of Britain ya mwaka 1969, na wanaozirusha leo bado huziheshimu kwa hofu.

Bf 109 maarufu kwa jina la Black 6 ndiyo inayonisukuma kuchukua msimamo. Hii haikuwa nakala. Ilitekwa Libya mwaka 1942, ikafufuliwa Uingereza kwa kazi ya karibu miaka ishirini, ikaruka tena Machi 1991. Tarehe 12 Oktoba 1997, ilipokuwa inakaribia kustaafu kuruka, ilipata hitilafu ya injini kwenye maonyesho ya Duxford. Rubani wake, John Allison, kamanda wa ngazi ya juu wa jeshi la anga, alijaribu kuirudisha chini. Ndege ikavuka barabara kuu ya M11 na kupinduka katika shamba lililolimwa. Rubani alinusurika. Ndege ilikarabatiwa kwa ajili ya kutazamwa tu, na mwaka 2002 ikawekwa katika makumbusho ya Hendon.

Nakala ikivunjika, tunapoteza fedha na muda. Ndege ya asili ikivunjika, kila bati jipya linalowekwa linaondoa lile lililokuwa na rangi ya kiwandani, mhuri wa mkaguzi na alama ya nyundo ya mtu aliyeishi wakati ule. Ushahidi huo haurudi. Hatari ya kutua na ibebwe na nakala.

Hilo ndilo linaloupa uzito mradi wa Everett. Me 262 iliyotumiwa kama kielelezo ilikuwa imekaa nje kwa miongo mingi kwenye kituo cha jeshi la wanamaji cha Willow Grove, Pennsylvania, ikiliwa na mvua na theluji. Makubaliano yalikuwa haya: ifunguliwe na kupimwa kipande kwa kipande, nakala tano zijengwe, na yenyewe irudishwe ikiwa imetengenezwa. Kazi ilianzia Texas, kisha ikahamia Everett. Nakala zikapewa namba zinazoendeleza mfululizo wa kiwanda cha Kijerumani.

Ndege hii ilikuwa na matatizo na ardhi tangu mwanzo. Fritz Wendel alipoirusha kwa injini za jeti kwa mara ya kwanza huko Leipheim tarehe 18 Julai 1942, ilikuwa bado na gurudumu la mkia, na mkia ukagoma kuinuka. Alilazimika kugusa breki kwenye mwendo wa kilomita 180 hivi kwa saa ili pua ishuke na mkia upate upepo. Wahandisi wakaipa gurudumu la mbele. Kutua nako kulikuwa na hatari yake: injini za Jumo 004 hazikuvumilia kuongezewa nguvu ghafla, hivyo rubani aliyekwisha kupunguza mwendo hakuwa na namna ya kukimbia, na marubani wa Marekani na Uingereza walijifunza kuzivizia karibu na viwanja vyake.

Nakala zilipewa injini ndogo za General Electric zilizofichwa ndani ya maganda yenye umbo la Jumo. Zina nguvu zaidi, na uzito wake haufiki hata nusu ya zile za zamani, jambo lililolazimisha hesabu ya mizani ya ndege nzima kupigwa upya. Mguu ulipokunjika mwaka 2003, mafundi walikuwa na kitu ambacho wenzao wa 1945, walioishiwa vyuma bora na muda, hawakuwa nacho: nafasi ya kukaa chini na kulichunguza tatizo hadi mwisho. Ndege ya kwanza ilitengenezwa ikaruka tena. Ya pili iliruka Agosti 2005, ikapelekwa Manching, Ujerumani, kwa wakfu wa Messerschmitt, na mwaka 2006 ikaonyeshwa hadharani Berlin.

Kuhusu swali la kama kitu kilichojengwa upya kinastahili jina la zamani, napenda jibu la Sir Thomas Sopwith. Wapenzi wa ndege wa kaskazini mwa Uingereza walipokuwa wakijenga Sopwith Triplane kwa kufuata michoro ya asili, mzee huyo, mwenye kampuni iliyoziunda wakati wa Vita vya Kwanza, alikataa kuiita nakala. Alitamka kwamba ni zao la kiwanda chake lililochelewa kutoka. Iliruka mwaka 1992 na sasa inatunzwa na Shuttleworth Collection katika uwanja wa Old Warden, ambako ukanda wa kurukia ni wa majani. Huko upepo ukizidi kiwango, ndege dhaifu zaidi hazitolewi bandani, hata kama watazamaji wamekwisha kulipa kiingilio.