Mwanao anafanya kazi chuo kikuu: akiugua, nani analipa?

Mzazi akisema kijijini kwamba mwanawe yuko chuo kikuu, watu humuuliza kama anasoma au anafundisha. Wengi hawafanyi lolote kati ya hayo. Chuo kikuu kina madereva, mafundi bomba, wahudumu wa maabara, wakutubi, wapishi, walinzi, wafagizi na wachunga mifugo. Hapa tunaeleza jinsi afya ya watu hao inavyotunzwa Tanzania Bara, na kwa nini jambo hilo linafika hadi nyumbani kwako.

Vyuo vikuu vikubwa vina zahanati, kituo cha afya au hospitali ndani ya eneo lao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina huduma yake pale Mlimani. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina hospitali Mazimbu, kwenye majengo ambayo wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini waliyajenga walipokuwa uhamishoni na kuyakabidhi kwa Tanzania mwaka 1992. Huko mhadhiri, mwanafunzi na mama wa mtaa wa jirani wanaweza kukaa benchi moja wakisubiri daktari.

Benchi hilo moja lina ugumu wake. Mwenye malaria halimsumbui. Lakini mhadhiri asiyelala kwa msongo wa mawazo, au mhasibu anayeanza dawa za VVU, hapendi kuonwa na wanafunzi wake au wenzake wa ofisini. Tunaona hii ndiyo sababu kubwa ya watumishi kukaa na ugonjwa hadi uwashinde. Ifahamike kwamba mwenye kadi ya bima halazimiki kutibiwa hapo chuoni. Anaweza kwenda kituo kingine kilichosajiliwa na mfuko. Na Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumbagua mtu au kutoa siri yake kwa sababu ya VVU.

Kadi ya mtoto, matibabu ya mzazi

Mtumishi wa chuo cha umma huchangia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulioanza kazi mwaka 2001. Utaratibu wake umekuwa asilimia 6 ya mshahara: 3 zinakatwa kwa mtumishi na 3 zinatoka kwa mwajiri. Mchango huo humhudumia yeye, mwenza wake na wategemezi wanne. Wategemezi hao ni watoto, lakini pia wanaweza kuwa wazazi wake au wakwe zake.

Hapo ndipo maneno hutokea katika familia. Nafasi ni nne tu. Mwenye watoto wawili anaweza kuweka baba na mama, na wakwe wakakosa. Mwenye watoto wanne hana nafasi ya mzazi hata mmoja. Mazungumzo hayo ni mazito, na mara nyingi hufanyika mgonjwa akiwa tayari kitandani. Afadhali yafanyike wakati wa likizo, watu wote wakiwa wazima. Kumwandikisha mzazi kunahitaji karatasi, hasa cheti cha kuzaliwa cha mtumishi mwenyewe, kwa kuwa ndicho kinachoonyesha majina ya wazazi. Jina la baba likiwa "Juma Ally" kwenye cheti na "Jumaa Ali" kwenye kitambulisho cha taifa, safari za kurudi ofisini huwa nyingi.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kwa hiyo, kabla ya kupanda basi, mwambie mwanao aulize kwa ofisa utumishi ni taratibu zipi zinatumika sasa.

Geti moja, waajiri wawili

Mlinzi anayefungua geti la chuo na dada anayepiga deki ofisi ya mkuu wa idara, mara nyingi si waajiriwa wa chuo. Wameajiriwa na kampuni iliyoshinda zabuni. Wanavaa sare, wanakuja kila siku, lakini bima ya chuo haiwahusu. Mwulize nduguyo swali moja: mshahara wako unalipwa na nani? Jibu hilo ndilo litakalokuonyesha mlango wa kubisha akiugua.

Hata hivyo wana haki zao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Lazima apeleke cheti cha daktari. Anayelala nyumbani akitumia dawa za duka bila cheti anaweza kuhesabiwa mtoro.

Maradhi yanayotoka kazini

Vyuo vya kilimo na mifugo vina hatari ambazo wakulima na wafugaji wanaotusikiliza wanazijua vizuri. Anayekamua ng'ombe au kumsaidia kuzaa anaweza kupata brusela, ule ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba. Kwa binadamu huleta homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, na mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria au taifodi. Anayenyunyizia dawa shambani naye anaweza kuathirika. Kwa hiyo mgonjwa amwambie daktari anafanya kazi gani, bila kungoja kuulizwa. Kama kazi haikuandikwa kwenye faili, itakuwa vigumu baadaye kuonyesha kwamba maradhi yalitoka huko.

Kuonyesha hivyo kuna maana kwa sababu ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mfuko huu unahusu sekta ya umma na binafsi, kwa hiyo mlinzi wa kampuni na profesa wote wamo. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Ukiona kwenye hati ya mshahara makato yanayoitwa WCF, hilo ni kosa. Mtu akiumia au kuugua kwa sababu ya kazi, mfuko hugharamia matibabu, hulipa fidia ya ulemavu, na akifariki hulipa msaada wa mazishi na pensheni kwa wategemezi.

Ajali itolewe taarifa kwa mwajiri mara moja, na madai yafunguliwe ndani ya miezi 12. Familia nyingi hukaa na msiba hadi arobaini, kisha mavuno, kisha mwaka unapita. Mjane au mzazi aliyekuwa akitegemea mshahara wa marehemu atafute mapema mkataba wa kazi, hati ya mshahara, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mwajiri akikataa kutoa taarifa, familia inaweza kwenda yenyewe ofisi za WCF, au kumwona kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Kwa vyuo vikuu, chama kimojawapo ni THTU.