Kuchaji pikipiki na gari la umeme nyumbani: jambo la zamani kuliko unavyodhani



Siku hizi nikimaliza kujibu maswali ya mnyauko wa migomba na bei ya kahawa, linafuata swali jingine: je, pikipiki au gari la umeme linaweza kuchajiwa hapahapa nyumbani, kwenye soketi ileile ya redio? Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu lina historia ndani yake, na ukiifahamu hutauziwa mbuzi kwenye gunia.

Wengi wanaamini gari la umeme ni kitu cha juzi. Si kweli. Betri ya risasi na tindikali, jamaa ya hii iliyo kwenye gari lako la leo, ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Kufikia mwaka 1900 magari ya umeme yalikuwa mengi katika miji ya Marekani, yakishindana na ya mvuke na ya petroli. Yalipendwa kwa sababu hayakupiga kelele, hayakutoa moshi, na hayakuwa na ile hendeli ya kuzungusha kwa mkono ambayo ikirudi nyuma inavunja mkono. Hata Clara Ford, mke wa Henry Ford aliyetajirika kwa magari ya petroli, alikuwa akiendesha gari la umeme aina ya Detroit Electric la mwaka 1914. Magari hayo yalichajiwa usiku, mengine kwenye banda la nyumbani.

Kama yalikuwa mazuri hivyo, kwa nini yalipotea? Utasikia kwamba betri zilikuwa nzito na hazikufika mbali. Ni kweli. Utasikia pia kwamba Ford alianza kutengeneza Model T mwaka 1908 kwa bei ya kumfikia mtu wa kawaida, na kwamba mwaka 1912 gari la Cadillac lilipata stata ya umeme, hendeli ikaanza kuondoka. Hayo nayo ni kweli. Lakini kwangu mimi ninayefanya kazi na wakulima, sababu kubwa ipo kwingine: mkulima wa Marekani hakuwa na umeme nyumbani. Petroli ilibebeka kwenye dumu, ikauzwa dukani hata kwenye kijiji kidogo kabisa. Umeme haubebeki kwenye dumu. Gari la umeme likabaki mjini, na gari la petroli likaenda shamba.

Mwaka 1935 Rais Roosevelt alipounda wakala wa kupeleka umeme vijijini, ni shamba moja tu katika kila kumi, au karibu na hapo, lililokuwa na umeme. Wakulima wengine walikuwa wakibeba betri ya redio kwenda kuichajisha mjini. Na wakala ule kwa Kiingereza uliitwa kwa herufi tatu: REA. Sisi REA yetu ilitokana na Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005, ikaanza kazi mwaka 2007. Hesabu mwenyewe miaka iliyopo katikati.

Kubeba betri hakuhitaji maelezo kwa mtu wa Muleba. Wenye umri wangu wanakumbuka betri ya gari ikifungwa nyuma ya baiskeli, tindikali ikivuja na kutoboa suruali, kwenda kwa mwenye jenereta ili jioni watu wasikilize taarifa ya habari au watazame mpira. Betri ndogo za National ziliwekwa juani zipate nguvu kidogo. Baadaye zikaja simu za mkononi, na duka lenye sola au jenereta likawa na meza iliyojaa simu za kijiji kizima, kila moja na karatasi yenye jina la mwenyewe. Ilikuwa biashara nzuri. Nguzo za umeme zilipofika, ile meza ikapungua, maana kila mtu alichaji kwake. Mwenye duka, likumbuke hilo, nitalirudia.

Na umeme wenyewe umetufikia kwa njia ya kuzunguka. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya Kagera imelishwa kutoka Uganda, kwa laini ya kilovolti 132 inayotoka Masaka hadi kituo cha Kyaka. Chimbuko la umeme wa Uganda ni Jinja, kwenye bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954 na Malkia Elizabeth, ambalo leo linaitwa Nalubaale. Fikiria kidogo: maji ya Ngono yanaingia mto Kagera, Kagera inamwaga ziwani, ziwa linatokea Jinja, na pale maji yanazungusha mitambo. Basi mvua iliyonyesha kwenye migomba yetu imekuwa ikiturudia kwenye waya. Siku hizi upo pia mradi wa Rusumo, megawati 80, kwenye mto huohuo wa Kagera kule mpakani Ngara, unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi.

Wakati nguzo zinasogea kwetu, betri nazo zilikuwa zinabadilika. Mwaka 1991 kampuni ya Sony ya Japani iliuza betri za kwanza za lithiamu-ioni, nyepesi kuliko za risasi. Mwishoni mwa mwaka 2010 Nissan wakatoa Leaf, gari la umeme mtupu. Mwaka 2013 Mitsubishi wakatoa Outlander la mseto, ambalo unalichomeka kwenye umeme lakini lina injini ya petroli pia. Jirani zetu hawakukaa kimya: Chuo Kikuu cha Makerere kilitengeneza gari la umeme, Kiira EV, mwaka 2011. Hapa nyumbani mchora katuni Masoud Kipanya alizindua gari lake la umeme Dar es Salaam mwezi Machi 2022. Ethiopia mwaka 2024 ilifika mbali zaidi, ikazuia kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli.

Kwa hiyo hali iliyoliua gari la umeme zamani zile imegeuka. Vipo vijiji vyetu ambavyo soketi imefika na kituo cha mafuta hakijafika. Petroli bado inauzwa kwenye chupa, kwa bei ya muuzaji, na wakati mwingine na maji ndani.

Sasa tuje kwenye mfuko. Pikipiki ya umeme ya kawaida inakula kama uniti 3 hadi 4 kwa kilomita 100. Bodaboda anayekwenda hivyo siku 26 kwa mwezi atahitaji uniti kama 90. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani, yule wa D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, lakini kwa uniti 75 tu kwa mwezi. Zinazozidi ni shilingi 350. Ukiendelea kuzidisha unahamishiwa kundi la T1, shilingi 292 kwa kila uniti kuanzia ya kwanza, na ukijumlisha kodi na tozo inafika kama 356. Maana yake si pikipiki tu itakayolipa bei hiyo. Taa, redio, pasi na friji ya mama watoto ya kuuzia soda vyote vinapanda pamoja nayo. Nyumba nyingine zimeshangaa tokeni zilivyopungua ghafla wakadhani mita ni mbovu.

Je, bado inalipa? Uniti 90 kwa shilingi 356 ni kama shilingi 32,000 kwa mwezi. Chukua petroli ya pikipiki yako kwa siku nne tu, linganisha. Inalipa kwa bodaboda wa kila siku. Kwa mtu anayekwenda mnadani mara moja kwa wiki, mimi nisingekushauri uharakishe, kwa sababu bei ya kununulia haitarudi upesi.

Gari ni hesabu nyingine. Leaf za mwanzo zina betri ya uniti 24. Soketi ya kawaida ukiivuta ampea 10 kwa volti 230 inatoa kilowati 2.3, kwa hiyo gari litakaa kwenye chaji saa 10 hadi 12. Hiyo ni usiku mzima, kama umeme haukukatika. Outlander la mseto lina uniti 12, nusu ya hapo, na likiishiwa chaji kwenye mlima una petroli. Kwa barabara zetu na kukatika kwetu kwa umeme, ningekuwa mnunuzi ningeanza na la mseto.

Hatari kubwa ni moto. Nyumba nyingi zilifungiwa waya kwa ajili ya taa na simu. Pasi inavuta sana lakini kwa dakika chache. Gari linavuta saa kumi bila kupumzika, na soketi iliyolegea inapata moto polepole watu wakiwa wamelala. Mwite fundi mwenye leseni, afunge waya wa milimita 2.5 au zaidi moja kwa moja kutoka kwenye kibao cha swichi, na swichi yake ya kukata, na ethi iliyochimbiwa kweli ardhini. Usitumie ekstensheni. Usichaji jikoni wala kwenye banda la nyasi kavu. Na kama gari limetoka Japani, soma maandishi kwenye waya wake wa chaji: umeme wa nyumbani kule ni volti 100, na waya uliotengenezwa kwa volti 100 pekee usiuguse kwenye soketi yetu.

Mwenye duka, nilisema nitarudi. Kigali, kampuni ya Ampersand ilianza mwaka 2019 mtindo ambao bodaboda hachaji nyumbani: anafika kituoni, anaacha betri iliyoisha, anachukua iliyojaa, anaondoka. Ni ileile meza ya simu, ila mzigo ni mkubwa zaidi. Bodaboda aliyepanga chumba na kuchangia mita na wapangaji wanne hawezi kuchaji kwake bila ugomvi. Huyo ndiye mteja wako. Kabla hujanunua chochote, nenda ofisi ya TANESCO iliyo karibu uulize kama transfoma ya kijiji chenu inabeba chaja nne au tano kwa pamoja saa mbili usiku, wakati kila nyumba imewasha taa.